NG'OMBE WA MAZIWA HACHINJWI

Na mwanachama wa Kidato cha 3

 

Muhula uliopita chama chetu kilifanya mjadala juu ya kuanguka kwa milki kubwa za zamani. Upande mmoja ulisimama ukadai kwamba dola ya Mughal kule Bara Hindi iliangushwa na dini. Ati mfalme Mwislamu aliwaonea Wahindu, Wahindu wakachoka, Wamaratha wakachukua panga, na kisa kikaishia hapo. Makofi yalipigwa mpaka madirisha yakatikisika. Sisi wengine hatukupata nafasi ya kujibu maana kengele ililia, na si mnajua wanafunzi wa shule ya kutwa, kengele ya jioni ikilia kila mtu anakimbilia matatu. Nimewaomba wahariri kurasa hizi ili nijibu kwa kalamu.

Kwa nini nijisumbue na wafalme waliokufa zamani? Kwa sababu darasani kwetu tumekaa Wakristo, Waislamu na Wahindu kwenye madawati yale yale. Historia ikisimuliwa kama vita vya dini, mwenzako anatoka darasani akikutazama kama mjukuu wa adui. Na historia hiyo yenyewe si ya kweli, jamani! Ukiipima kwa tarehe inaanguka.

Maoni yangu ni haya. Dola ya Mughal iliuawa na ulafi wake. Ilimla mkulima aliyeilisha mpaka ikakosa cha kula. Nao Wamaratha, waliopata nguvu kwa sababu walimjali mkulima wa nchi yao, walipokuwa wakubwa walikwenda kuwala wakulima wa wengine, nao wakaporomoka. Ng'ombe wa maziwa hachinjwi. Anayemchinja hula nyama siku mbili tatu, halafu watoto wake wanalala njaa.

Tuanze mwanzo. Wamughal waliingia Bara Hindi mwaka wa 1526, wakati Babur alipotoka Kabul na kumshinda Sultani Ibrahim Lodi katika uwanja wa Panipat, kaskazini ya Delhi. Likumbukeni jina hilo la Panipat, kwa maana tutarudi huko. Mjukuu wake, Akbar, aliyetawala kutoka 1556 hadi 1605, ndiye aliyeifanya dola hiyo isimame imara. Akbar alikuwa Mwislamu, lakini mwaka wa 1564 aliifuta jizya, yaani kodi waliyotozwa wasio Waislamu. Majemadari wake wengi walikuwa Warajput, ambao ni Wahindu. Mtu aliyempangia mambo ya kodi, Todar Mal, alikuwa Mhindu pia. Katika mpango wao mashamba yalipimwa, na mkulima alidaiwa kama theluthi moja ya mavuno. Theluthi si kidogo, lakini ilijulikana, na mkulima alibaki na mbegu za msimu uliofuata.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha mambo, kwa hivyo naomba tuende polepole. Mfalme hakuwalipa wakubwa wake wote pesa mkononi kila mwezi. Wengi aliwapa haki ya kukusanya kodi ya sehemu fulani ya nchi, na kwa kodi hiyo mkubwa huyo alijilipa mwenyewe na kuwalisha wapanda farasi aliotakiwa kuwaleta vitani. Haki hiyo waliiita jagir. Ili mkubwa asiote mizizi mahali pamoja akawa mfalme mdogo, alihamishwa baada ya miaka michache na kupewa jagir nyingine kwingineko.

Mpango huo ulionekana mzuri kwa mfalme. Lakini hebu jiweke mahali pa mkubwa huyo. Unajua miaka mitatu ijayo utahamishwa. Je, utachimba kisima? Utamsamehe mkulima kodi mwaka wa ukame ili mwaka ujao alime tena? Thubutu! Utakamua mpaka itoke damu, uondoke, na atakayekuja nyuma yako ajionee. Daktari mmoja Mfaransa, François Bernier, aliyekaa huko mwanzoni mwa enzi ya Aurangzeb, aliliona jambo hili na kuliandika: wenye jagir hawakuona sababu ya kutunza ardhi ambayo wakati wowote wangeweza kunyang'anywa, nao wakulima walizidiwa mpaka wengine wakaacha mashamba na kutoroka.

Aurangzeb alitwaa kiti mwaka wa 1658 baada ya kupigana na ndugu zake na kumfungia baba yake, Shah Jahan, ndani ya ngome ya Agra mpaka mzee huyo akafa mwaka wa 1666. Shah Jahan ndiye aliyejenga Taj Mahal, jumba ambalo watu husafiri kutoka pembe zote za dunia kwenda kulitazama. Ni zuri, sikatai. Lakini kila jiwe jeupe la jumba lile lililipiwa na mtu aliyekuwa nyuma ya jembe. Katika enzi hizo kodi ya ardhi ilikuwa imepanda, na mahali pengi mkulima alidaiwa hata nusu ya mavuno.

Haya, turudi kwa dini. Mimi sisemi Aurangzeb hakuwatendea ubaya watu wa dini nyingine. Mahekalu mashuhuri ya Kashi na Mathura yalivunjwa mwaka wa 1669 na 1670. Guru Tegh Bahadur, kiongozi wa Masingasinga, aliuawa Delhi mwaka wa 1675. Na mwaka wa 1679 jizya ilirudishwa. Mambo hayo yaliwaumiza watu sana na yalimwongezea mfalme maadui. Anayeyaficha anadanganya.

Lakini tazameni tarehe, wenzangu. Shivaji, baba wa dola ya Maratha, alianza kuteka ngome katika miaka ya 1640, kabla Aurangzeb hajakalia kiti, tena ngome hizo zilikuwa za Sultani wa Bijapur, si za Mughal. Jizya inarudishwa 1679, Shivaji ana miaka mitano tangu avae taji. Wakulima wa kabila la Jat waliinuka karibu na Mathura mwaka wa 1669, wakati hekalu kubwa la huko lilikuwa bado limesimama. Moto uliwaka kabla ya kiberiti ambacho wapinzani wangu wanatuonyesha.

Tena tazameni ni nani alipigana upande gani. Mwaka wa 1665 Shivaji alibanwa vibaya mpaka akakubali kutoa ngome 23. Jemadari wa Mughal aliyembana alikuwa nani? Alikuwa Jai Singh, mfalme wa Kirajput, Mhindu halisi. Na mmoja wa makamanda wa merikebu za Shivaji alikuwa nani? Daulat Khan, Mwislamu. Falme mbili kubwa ambazo Aurangzeb alizifuta kabisa, Bijapur mwaka wa 1686 na Golconda mwaka wa 1687, zilitawaliwa na Waislamu wenzake. Sasa hivyo ni vita vya dini vya namna gani, ambapo Mhindu anamkamata Mhindu na Mwislamu anamng'oa Mwislamu? Hivyo vilikuwa vita vya kugombea ardhi, ngome na kodi. Dini ilikuwa bendera tu, na bendera haipigani.

Sasa nimzungumzie Shivaji mwenyewe, maana najua ana mashabiki wengi hapa. Alizaliwa mwaka wa 1630 katika ngome ya Shivneri, kwenye milima ya magharibi ya Bara Hindi. Nchi ile ni ya mawe na makorongo. Watu wake walikuwa wakulima wadogo, na mavuno yakiisha kijana alichukua mkuki na farasi mfupi wa milimani akaenda kutafuta riziki vitani. Visa vyake vinasisimua kama filamu. Mwaka wa 1659 jemadari wa Bijapur, Afzal Khan, alikutana naye chini ya ngome ya Pratapgad kwa mazungumzo, na Shivaji akamwua, husemwa kwa kucha za chuma alizozificha kiganjani. Mwaka wa 1663 aliingia usiku ndani ya nyumba ya gavana wa Mughal mjini Pune, na bwana yule akaponea chupuchupu, vidole vimekatwa. Mwaka wa 1666 alifungiwa Agra chini ya ulinzi wa Aurangzeb, akaingia mitini. Husimuliwa kwamba alijificha ndani ya kikapu kikubwa cha vitamutamu. Mwaka wa 1674 akatawazwa mfalme katika ngome ya Raigad.

Lakini ushujaa wa Shivaji unaonipendeza mimi si wa kucha wala wa kikapu. Ni wa barua. Katika miaka ya 1670 aliwaandikia maofisa wa jeshi lake waliokaa karibu na mji wa Chiplun. Aliwaambia wasiwape farasi majani yote mapema, kwa maana mvua zikianza na majani yamekwisha, farasi watakufa, na askari wataanza kuchukua nafaka, mkate, kuni na mboga za wakulima. Wakifanya hivyo, wakulima watahama na wengine watakufa njaa, na watasema kwamba ninyi ni wabaya kuliko Wamughal. Hata aliwaonya juu ya taa: panya aweza kuuvuta utambi unaowaka, majani yote yakateketea. Jameni, mfalme mzima anawaza habari ya panya na utambi kwa ajili ya mboga za mkulima! Tena alijaribu kuwalipa maofisa wake kutoka hazina badala ya kuwagawia ardhi. Alikuwa ameuona ugonjwa wa jagir akaukwepa.

Hapo ndipo nguvu ya Wamaratha ilipotoka. Jeshi la Mughal lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko lao, lenye tembo, mizinga na hema za hariri. Lakini Mmaratha akishindwa leo, alirudi kijijini akalishwa, akafichwa, kesho akatoka tena. Ukipigana na jeshi, unaweza kulimaliza. Ukipigana na kijiji kinachomficha askari wake, utachoka wewe.

Na Aurangzeb alichoka. Shivaji alikufa mwaka wa 1680. Mwaka uliofuata Aurangzeb mwenyewe alielekea kusini na jeshi lake lote, na hakuiona Delhi tena mpaka kifo chake. Mwaka wa 1689 alimkamata Sambhaji, mwana wa Shivaji, akamwua kwa mateso. Akadhani amemaliza kazi. Kumbe! Ndugu yake, Rajaram, alikimbilia ngome ya Jinji, mbali kusini, na Wamughal wakachukua karibu miaka 8 kuitwaa, na walipoitwaa mwaka wa 1698 yeye alikwisha kuponyoka. Rajaram akafa mwaka wa 1700, na mjane wake, Tarabai, akashika uongozi akiwa na umri wa miaka 25 hivi. Wasichana wa chama hiki, jina hilo mliandike daftarini. Mfalme wa watu zaidi ya milioni 100 alizungushwa milimani na mwanamke kijana. Mzee aliteka ngome hii, akihamia ile, Wamaratha wanairudia ya kwanza.

Wakati huo nyuma yake nyumba ilikuwa inaungua. Baada ya kuzitwaa Bijapur na Golconda ilimbidi awape vyeo wakubwa wa huko ili watulie, na hata Wamaratha waliohamia upande wake. Vyeo vikawa vingi, jagir zikawa chache. Mtu alipewa cheo akangoja miaka kupata ardhi ya kumlipa. Akiipata, alikuta kwamba katika vitabu vya serikali imeandikwa mapato makubwa, lakini wakulima wamehama na vijiji vimechomwa na majeshi yote mawili. Mtu kama huyo, aliyengoja kwa madeni, ataanza na nini akifika? Atakamua kuliko wote waliomtangulia. Mkulima anatoroka, kodi inapungua, mkubwa anashindwa kulisha farasi, jeshi linadhoofika, vita vinarefuka, na kodi inaongezwa kwa waliobaki. Ni gurudumu linalozunguka likisaga watu.

Aurangzeb alikufa karibu na Ahmadnagar mwaka wa 1707, mzee wa miaka 88. Alizikwa Khuldabad katika kaburi la kawaida lisilo na kuba. Baba yake analala ndani ya Taj Mahal, naye analala chini ya mbingu. Hapo namheshimu, hakuwa mtu wa anasa. Lakini mfalme asiye na anasa aweza kuimaliza nchi vile vile kama vita vyake havina mwisho.

Baada yake ni vurugu tupu. Katika mwaka mmoja wa 1719 watu 4 walikalia kiti cha Delhi mmoja baada ya mwingine. Magavana wa Bengal, Awadh na Hyderabad wakaanza kuweka kodi kibindoni mwao, huku wakimtaja mfalme kwa heshima ya midomo. Mwaka wa 1739 Nadir Shah wa Uajemi alilishinda jeshi la Mughal huko Karnal, akaingia Delhi, watu wengi sana wakachinjwa kwa siku moja, na akaondoka na kile kiti cha enzi cha tausi. Wanaosema ati Wazungu ndio waliowaangusha Wamughal waitazame tarehe hiyo. Waingereza wakati huo walikuwa wafanyabiashara wa nguo na viungo, wamejikunyata pwani. Nyumba ilianguka kabla yao. Wao walikuja kuokota mabati.

Sasa Wamaratha. Mamlaka yao yalikuwa yamepita kwa mawaziri wakuu walioitwa Peshwa, wenye makao Pune. Bajirao, aliyekuwa Peshwa kutoka 1720 hadi 1740, alikuwa hodari wa farasi ajabu, na mwaka wa 1737 alifika mpaka viungani mwa Delhi. Nduguye, Chimaji Appa, aliwanyang'anya Wareno ngome ya Vasai mwaka wa 1739. Wareno hao ndio wale wale waliojenga Fort Jesus ya Mombasa na kuitawala kutoka Goa, wakafukuzwa na Waomani mwaka wa 1698, wakairudia 1728, na wakaondolewa kabisa 1729. Miaka 10 baada ya kuipoteza Mombasa kwa mara ya mwisho, waliipoteza Vasai. Kwa hivyo kisa hiki hakiko mbali nasi kama mnavyofikiri.

Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tangu enzi ya Shivaji, Wamaratha walikuwa wakidai kutoka nchi za jirani kitu walichokiita chauth, yaani robo ya kodi ya nchi hiyo. Ukilipa, hawakushambulii. Usipolipa, wanakuja kuchukua wenyewe. Ndani ya nchi yake Shivaji alikataza hata jani la mboga lisichukuliwe; nje ya nchi yake aliuteka nyara mji wa Surat mara mbili, mwaka wa 1664 na 1670. Mbegu ya ubaya ilikuwa imepandwa hapo. Wajukuu wake kwa madaraka walikuja kuila matunda yake.

Waulizeni watu wa Bengal. Kuanzia mwaka wa 1742 mpaka 1751, wapanda farasi wa Raghuji Bhonsle wa Nagpur waliingia huko karibu kila mwaka. Walichoma vijiji, wakaiba nafaka, wafumaji wa nguo wakakimbia na watoto mgongoni. Watu waliwaita Bargi, na mama za Bengal walikuja kulitumia jina hilo katika bembelezi ili kumtisha mtoto asiyetaka kulala. Kumbukeni kwamba wengi wa walioporwa walikuwa Wahindu, na walioporwa waliporwa na Wahindu. Wapinzani wangu wa mjadala wanajibuje hapo? Mwaka wa 1751 Nawabu wa Bengal, Alivardi Khan, alichoka akakubali kuwaachia Orissa na kuwalipa rupia laki 12 kila mwaka. Na kule Calcutta watu walichimba handaki kubwa mwaka wa 1742 kujikinga na Wamaratha, upande wa Waingereza. Mmeona? Mkulima na mfanyabiashara wa Bengal walianza kuzoea kukimbilia kwa Mwingereza kwa sababu ya wale walioitwa wakombozi.

Na sasa turudi Panipat, kama nilivyoahidi. Ahmad Shah Abdali, mfalme wa Waafghani, alikuwa amevamia kaskazini. Peshwa alimtuma Sadashivrao Bhau na jeshi kubwa kumzuia. Wakati huo Wamaratha walihitaji marafiki. Warajput walikaa kwao wakitazama. Walikuwa wametozwa na kuporwa miaka mingi, na hawakuona sababu ya kumfia anayewapora. Suraj Mal, mfalme wa Wajat, alikuwa nao mwanzoni akaondoka. Katika nchi hiyo waliyokuwa wakiikamua hakuna kijiji kilichowaficha. Abdali alikata njia za chakula. Jeshi la Maratha, pamoja na wanawake na mahujaji waliofuatana nalo, likakaa Panipat miezi na miezi mpaka nafaka ikaisha. Tarehe 14 Januari 1761 walitoka kupigana kwa sababu ya njaa. Kufikia jioni maelfu kwa maelfu walikuwa wamelala uwanjani, pamoja na Bhau na Vishwasrao, mwana wa Peshwa. Ibrahim Khan Gardi, Mwislamu aliyesimamia mizinga ya Wamaratha, alipigana nao mpaka mwisho, akakamatwa na kuuawa. Peshwa mwenyewe alifariki miezi michache baadaye kwa majonzi.

Barua ya Shivaji ilikuwa imeonya juu ya siku kama hiyo. Watoto wake walikuwa wamekuwa wale anaowakataza.

Wamaratha waliinuka tena, nitakuwa mwongo nisiposema. Mahadji Shinde alimrudisha mfalme Shah Alam wa Pili Delhi mwaka wa 1772 na kumlinda. Lakini mali ya Bengal ilikuwa imeshapata mwenyewe. Waingereza walishinda Plassey 1757 na Buxar 1764, na mwaka wa 1765 Shah Alam huyo huyo aliwapa haki ya kukusanya kodi ya Bengal yote. Mwaka wa 1803 wakaingia Delhi, na mwaka wa 1818 Peshwa wa mwisho akasalimu amri. Mfalme wa mwisho wa Mughal alipelekwa uhamishoni Rangoon baada ya maasi ya 1857, akafia huko mwaka wa 1862. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Najua kuna mmoja wenu anayekuna kichwa akisema: “Mbona Waingereza pia walimla mkulima na hawakuanguka upesi?” Swali zuri. Ni kweli walimla. Mwaka wa 1770, miaka 5 tu baada ya kupewa kodi ya Bengal, njaa iliua mamilioni ya watu huko, na kampuni yao ikaendelea kudai kodi. Walikuwa na merikebu, benki na bunduki mpya, kwa hivyo walikaa muda mrefu. Lakini waliondoka mwaka wa 1947, na miongoni mwa waliowasukuma walikuwa wakulima. Mwaka wa 1928 wakulima wa Bardoli, katika jimbo la Surat, walikataa kulipa kodi ya ardhi iliyopandishwa, wakiongozwa na Vallabhbhai Patel. Mashamba yalinyang'anywa, ng'ombe wakachukuliwa, lakini walishikilia mpaka serikali ikarudi nyuma. Mughal alikuwa ameikamua nchi ile, Shivaji akaupora mji wake, Mwingereza akaitoza. Mkulima yuko pale pale mpaka leo. Wao wako wapi?

Basi wenzangu, tukisoma historia tuwe na tabia ya kuuliza swali moja. Tukiambiwa huyu alikuwa mfalme mkuu, yule alikuwa shujaa, tuulize: ni nani aliyemlisha, na alimtendeaje? Kwa swali hilo Akbar anapata alama nzuri, ingawa si zote. Aurangzeb anaanguka mtihani. Shivaji anapita nyumbani kwake na kuanguka Surat. Tarabai anapewa heshima ya ujasiri. Mabwana waliokwenda Bengal hawapati hata nusu alama, hata wakipanda farasi vizuri namna gani. Na katika orodha hiyo hakuna mtu anayepita wala kuanguka kwa sababu ya kuwa Mwislamu au Mhindu.

Anayetaka kunipinga milango iko wazi, na kalamu ni nyingi. Namwomba tu aje na tarehe, asije na makofi. Kiswahili kitukuzwe!